Mwendo wa Saa Moja Angani



Binamu yangu anayeishi Helsinki, alipopiga simu kutupa pole, alinieleza kuwa yeye huweza kwenda Stockholm na kurudi siku hiyo hiyo. Kati ya miji hiyo kuna bahari, takriban kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Ndege huipita kwa saa moja hivi, ilhali meli hulala njiani usiku kucha. Na kwa kuwa saa za Helsinki zimetangulia kwa saa moja, akiondoka kwake saa 6 mchana hutua Stockholm saa ya ukutani ikiwa ni hiyo hiyo 6. (Aliyefunga asifurahi. Akielekea magharibi analifuata jua, na futari yazidi kuchelewa.)

Nilimsikiliza nikiwa nimetoka kumkosa mama yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, niliyeolewa Isiolo. Kwa mstari ulionyooka, Isiolo na Mombasa ziko mbali kwa kilomita 540 hivi, si zaidi sana ya safari ya binamu yangu. Lakini binadamu hasafiri kwa rula. Uwanja wa ndege tunao hapa, uliokaa mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru, ila alfajiri ile hapakuwa na ndege ya kunipeleka Pwani. Ilibaki barabara: kuuzunguka Mlima Kenya kupitia Nanyuki, Karatina na Thika hadi Nairobi, karibu kilomita 280, kisha nyingine 480 hadi Mombasa.

Simu ilikuja saa 11 alfajiri. Ndugu zangu walisema maziko ni baada ya alasiri, nami sikuwaomba wangoje, kwani tumeusiwa kumharakisha maiti. Isitoshe, nilikuwa nimepiga hesabu: saa 5 za gari, saa 1 ya ndege, nifike kabla ya saa 8.

Hesabu yangu haikuwa na mahali pa matatu kungoja abiria hadi saa 1. Wala msongamano wa Nairobi haukuwamo, wala kufika kiwanja mapema ili kukaguliwa, wala ndege ya kwanza kuwa imejaa. Niliondoka Nairobi saa 9 kasorobo. Angani kweli nilikaa muda usiotimia saa moja; chai niliyopewa sikuimaliza. Kisha teksi kutoka kiwanja cha Mombasa, foleni ya Makupa, na vichochoro vyetu ambavyo gari haviingii.

Sisi wanawake hatwendi makaburini. Nilichokuwa nakikimbilia ni kuuona uso wake kabla ya jeneza kutoka. Nilipokaribia nyumba, nilikuta viatu vya wanaume vimekwisha ondoka barazani.

Khala wangu, aliyemwosha, alinishika mkono akanipeleka chumbani. Alinieleza kila kitu taratibu: maji yalivyokuwa, sanda, uso ulivyotulia. Kisha akanikumbusha kuwa mimi ni msafiri, niswali kwa kupunguza na kukusanya nikitaka, maana kipimo ni masafa, wala si wepesi wa ndege.

Juma lililopita binti yangu alileta habari kuwa amepata kazi Marsabit. Nilimpongeza, kisha nikamwuliza gari la mwisho la kuja Isiolo huondoka saa ngapi.