Hata Samaki Mkavu Hukunjika

Jirani yangu hapa Nyalenda anauza omena kando ya barabara, naye amepita miaka 50. Juzi alinionyesha daftari lake la shule ya ngumbaro. Ameandika jina lake ukurasa mzima, akikandamiza kalamu hadi karatasi imetoboka. Mteja aliyekuja kupimiwa gorogoro moja akamcheka: "Mama, samaki mkunje angali mbichi. Wewe umeshakauka."

Methali hiyo yafaa kwa malezi ya mtoto. Ikigeuzwa kuwa hukumu juu ya ubongo wa mtu mzima, ni uongo, tena uongo unaowafukuza watu darasani.

Zamani hata wanasayansi wengi waliamini kwamba neva hazizaliwi tena ukubwani. Mwaka 1998 Peter Eriksson na Fred Gage walionyesha neva mpya katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuunda kumbukumbu, za watu wazima. Mwaka 2018 wengine walipinga. Mwaka 2025 watafiti wa Karolinska, Sweden, wakazipata seli zinazozaa neva hata kwa watu wazima, ingawa kwa wengine zilikuwa chache sana.

Linalonigusa zaidi ni suala la kufuli za jeni. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zote, kama soko lenye vibanda vilivyojaa bidhaa. Alama ndogo za kemikali ziitwazo methili hufunga baadhi ya vibanda hivyo kama kufuli. Mwaka 2009 maabara ya Hongjun Song, Johns Hopkins, ilichunguza panya. Neva zilizokomaa zinapofanya kazi, jeni iitwayo Gadd45b huamka ndani yake na kusaidia kubandua methili kwenye jeni za vikuzi, yaani protini zinazochochea ukuaji. Vikuzi hivyo huchochea seli shina za jirani, zile zinazozaa neva, zigawanyike. Kazi yenyewe ndiyo inayofungua kufuli!

Najua panya si binadamu, na kusoma hutegemea zaidi neva tulizo nazo tayari kuunganika upya. Lakini huko kuunganika nako hakuishi utotoni. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akajifunza kusoma.

Basi wewe mnunuzi wa omena, ukimkuta mama ameinamia daftari, usimcheke. Subiri amalize mstari wake, ndipo upimiwe.