Kazi ya Wakala Haiishii Uwanja wa Ndege

Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilifuta leseni za mawakala 930 waliokuwa wakipeleka watu kufanya kazi ng'ambo, ikapiga marufuku safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Ghuba. Vilio vilikuwa vimezidi: mishahara isiyolipwa, pasipoti zilizofungiwa kabatini, wasichana waliorudi na majeraha, na wengine waliorudishwa ndani ya majeneza. Lakini marufuku haikuzima haja ya kazi. Walioazimia kwenda walipitia Uganda, wakaingia Saudi Arabia bila ofisi yoyote nyumbani ya kuulizwa habari zao. Mwaka 2017 mlango ukafunguliwa tena, kwa masharti mapya na makubaliano baina ya serikali.

Funzo la miaka ile liko wazi. Watu wataondoka, kwa kuwa kazi nyumbani ni haba, na fedha wanazotuma Wakenya walio nje, ambazo mwaka 2024 zilizidi dola bilioni 4.9, zinalipa karo na kuezeka nyumba vijijini. Wa kuulizwa ni wakala: anampeleka mtu, au anamtupa?

Mawakala wengi hujisifu kwa idadi, na idadi hiyo huihesabu siku ya kupanda ndege. Haifai. Hesabu ya haki hufanywa siku ya kurudi: nani amemaliza mkataba wake wa miaka miwili, nani amelipwa kila mwezi, nani amerudi na afya yake. Hesabu hiyo ndiyo impatie wakala sifa, au imnyime leseni.

Hesabu hiyo ianzie kwenye mkataba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi, naye asiuthibitishe mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, hakudanganywa, na anajua alichokubali. Atakijuaje, ikiwa anatia saini kurasa za Kiingereza na Kiarabu huku gari la kwenda uwanjani linaunguruma nje? Wakala na amsomee mkataba kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, siku kadhaa kabla ya safari. Amwambie nyumba ina watu wangapi, kama kuna mgonjwa wa kuuguza, siku ya mapumziko ni ipi, na kama ataachiwa simu yake. Nakala ibaki kwa mzazi au ndugu, ikiwa na jina la mwajiri, anwani yake na nambari zake za simu. Ziko familia zilizohangaika miezi kumtafuta binti yao huku zikijua jina la nchi tu.

Kisha fedha. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, ya wazi wala ya kuzungukazunguka. Kanuni hiyo haikutungwa kwa huruma tu. Msichana aliyeuza mbuzi wa nyumbani na kukopa katika chama ili alipie uchunguzi wa afya, cheti cha tabia njema na mkono wa dalali, huanza kazi na deni shingoni. Akinyimwa chakula atavumilia. Mshahara ukichelewa ataogopa kulalamika, kwani akirudishwa atawalipa nini wanaomdai? Kule nako, mwajiri amelipa ofisi maelfu ya riyali ili aletewe kadama, yaani mtumishi wa nyumbani, akaona kwamba amemnunua. Deni la huku na malipo ya kule humbana mtu mmoja, asiye na pa kutokea. Gharama na zibebwe na mwajiri, na kila shilingi iandikiwe risiti ambayo msafiri ameiona.

Lakini mtihani mkubwa wa wakala huja baada ya ndege kutua. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi umefungamanishwa na mwajiri wake. Mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wengi wa kampuni nafasi ya kubadili mwajiri; wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa. Kutoka Jeddah hadi Riyadh, uliko ubalozi wa Kenya, ni karibu kilomita 950. Msichana aliyefungiwa ndani atafikaje? Mara nyingi sauti ya wakala kwenye simu ndiyo msaada pekee anaoweza kuufikia, na wakala huyohuyo ndiye anayeacha kupokea simu siku 90 za majaribio zikishapita, akidai dhamana imekwisha. Wajibu haujaisha. Na ampigie wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, na kila mwezi unaofuata. Azungumze naye mwenyewe, si bibi mwenye nyumba. Aulize kuhusu mshahara, usingizi, chakula na pasipoti.

Wafilipino wameuweka wajibu huu katika sheria. Tangu mwaka 1995, wakala wa Ufilipino na mwajiri wa ng'ambo wanadaiwa kwa pamoja haki za mfanyakazi: mwajiri akikataa kulipa, wakala aliyeko Manila anaweza kushtakiwa na kulipishwa. Mwaka 2010 wakala akalazimishwa pia kumkatia mfanyakazi bima. Wakala anayejua kwamba atalipa yeye huchunguza mwajiri kabla ya kumkabidhi mtoto wa watu.

Mawakala watasema kwamba uangalizi huu una gharama, na kwamba wakiwa wakali waajiri watahamia kwa madalali wa vichochoroni. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira haina budi kuwaandama madalali hao na kuwatangazia wananchi ofisi zilizolalamikiwa. Lakini wakala naye akumbuke kwamba anayerudi salama huleta dada na jirani zake ofisini, na anayerudi amevunjika hukifukuza kijiji kizima.

Kwa hiyo kila wakala mwenye leseni na atoe leo orodha ya watu aliowapeleka mwaka uliopita, awapigie simu mmoja mmoja. Asiyepatikana, jina lake na la mwajiri wake lifikishwe kwa Mamlaka ya Ajira na kwa ubalozi jioni hiyohiyo, na familia yake ielezwe.