Mashini ya laboratwari: usalama mbele ya bei

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Munganga akikata kipande cha nyama mwilini mwako ili kujua kama ni kansa, kipande hicho kinapelekwa laboratwari. Kule kinapitishwa katika alkoli ili maji yatoke, halafu katika zileni, halafu kinatiwa katika parafini na kukatwa vyembamba sana. Alkoli na zileni zikichafuka, zinajaza mabidoni.

Wengine wanazimwaga katika lavabo. Ni kosa. Zileni inawaka upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini mpaka ukute moto. Wengine wanapeleka bidoni tupu nyumbani kuwekea maji ya kunywa. Usifanye hivyo hata siku moja.

Basi, mashini ya kusafisha dawa hizi ni jambo jema. Kazi yake unaijua, ni kama kupika lutuku: inachemsha, mvuke unapita katika bomba la baridi na kurudi safi, parafini na uchafu vinabaki chini. Alkoli inachemka kwenye digri 78, zileni karibu na digri 140.

Lakini tusichague kwa bei tu. Wajumbe wetu wa komite ya usalama waulize haya mbele ya kununua:

1. Maji ya kupoza yakikatika, mashini inajizima yenyewe? Kwetu maji hukatika. Moto ukiendelea, mvuke utajaa chumbani.

2. Mvuke unaoponyoka unatolewa nje kwa bomba, mbali na cheche za umeme?

3. Mafundi wetu wanaweza kuitengeneza, na vipuri vinapatikana?

4. Inatoa alkoli ya namna gani? Kwa kuchemsha tu, alkoli haipiti asilimia 96 hivi. Muuzaji akiahidi zaidi, aeleze maji yaliyobaki yanaondolewa namna gani. Kipande kisipokauka vizuri, munganga hataona vizuri, na mgonjwa ni wewe.

Formoli nayo iwe na bidoni yake, isichanganywe na zileni.

Mtu atasema: mashini ya bei ndogo inaokoa feza. Mimi nimefanya kazi katika chumba chenye harufu ya zileni. Saa sita kichwa kinauma na macho yanawasha. Hiyo ni harufu tu, bado moto. Mfanyakazi akiungua, feza iliyookolewa itakwisha hospitalini, na ngozi yake haitarudi kama zamani.

Ndugu, ukiona bidoni ya laboratwari inauzwa sokoni, usiinunue. Mwambie shefu wa usalama.