Msimtafute Mchawi wa Simba

Simba haijarogwa. Naanza na hilo kwa sababu bado wapo wasomi wenzangu, watu wa shahada mbili, wanaoliamini kimoyomoyo na kulisema kwa mzaha ili wasichekwe.

Mimi ni shabiki wa Simba, na nimechoka. Kufungwa hakunichoshi, maana hakuna mpira usio na kufungwa. Kinachonichosha ni kesi tunazoziendesha baada ya kufungwa. Filimbi ya mwisho ikilia na Yanga wakiwa mbele, mahakama inafunguliwa papo hapo: kwenye kibanda umiza, kwenye daladala, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lililoanzishwa kuchangia msiba wa babu. Washtakiwa tunawajua kwa zamu zao. Kipa kauza. Kocha hajui kubadilisha mfumo. Tajiri kabana mfuko. Viongozi ni wapigaji. Mwamuzi alikuwa na jezi ya kijani ndani ya nyeusi. Na wote hao wakiachiwa huru, inabaki kamati ya ufundi ya mtani, ile ambayo ufundi wake haufundishwi chuo chochote.

Msimu unapita, mshtakiwa anabadilika, hukumu inabaki ileile: aondoke. Anaondoka. Msimu unaofuata tunaanza upya.

Tumchukue kocha, kwa kuwa ndiye anayehukumiwa haraka kuliko wote. Tulichukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Wengi tunaikumbuka miaka hiyo kama miaka ya utulivu. Haikuwa hivyo. Msimu wa kwanza ulianza na Joseph Omog ukamalizika na Pierre Lechantre. Akaja Patrick Aussems, akaondolewa Novemba 2019. Akaja Sven Vandenbroeck, akaondoka Januari 2021 katikati ya msimu, na Didier Gomes akamalizia kazi. Kama kubadilisha kocha ndiko kunakoua timu, mbona hakukutuua miaka ile?

Nadhani jibu liko kwenye wachezaji ambao makocha hao waliwakuta. Aishi Manula golini. Kapombe na Tshabalala pembeni. Nyoni na Mkude, watu waliojua lini waukimbize mpira na lini waulaze. Bocco mbele. Mwaka 2018 wakaongezeka Chama na Kagere, na Kagere akafunga mabao 23 katika msimu wake wa kwanza wa ligi na 22 katika wa pili. Kocha mpya alikuwa anaingia kwenye nyumba yenye misingi. Alichagua tu rangi ya kuta.

Agosti 2021, katika dirisha moja, Chama akaenda Berkane na Luis Miquissone akaenda Al Ahly. Kuuza si dhambi, klabu zote duniani huuza. Lakini tangu hapo misingi ile ikaanza kuzeeka na kuondoka mmoja mmoja, na sisi tukawa tunabadilisha mpaka rangi. Kuanzia Oktoba 2021 Gomes alipoondoka mpaka Septemba 2025 alipoondoka Fadlu Davids, benchi limekaliwa na Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Abdelhak Benchikha, huku wazawa kama Juma Mgunda wakiitwa kuziba pengo kila moto ulipowaka. Kila kocha ana aina ya wachezaji anaowapenda. Akiondoka, anaondoka na mawazo yake. Wachezaji wanabaki, na anayekuja hakuwataka.

Upande wa pili wa Kariakoo watu hawakuwa wamelala. Yanga walimleta Nasreddine Nabi Aprili 2021, na mwaka huohuo wakawapata Diarra, Aucho na Mayele. Mwaka 2022 wakamwongeza Aziz Ki. Wakachukua ubingwa mara nne mfululizo kama sisi, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Msimu huo wa mwisho walitumia makocha watatu, Gamondi, Ramović na Hamdi, na bado wakawa mabingwa. Kwa nini? Kwa sababu zilezile zilizotubeba sisi akina Aussems walipokuwa wanapishana mlangoni.

Sijawahi kusikia jibu hilo kwenye kijiwe chetu. Hakuna anayesimama na kusema, "Jamani, mwenzetu alifanya kazi nzuri." Mwenzetu hawezi kuwa mzuri, lazima kuna mtu wetu aliyemfungulia mlango. Ndiyo maana nasema tunatafuta mchawi. Anayetafuta mchawi hapimi ugonjwa. Anataka jina.

Novemba 5, 2023 tulifungwa 5-1. Ile siku siisimulii, kila mtu ana yake. Robertinho aliondolewa ndani ya siku chache. Huyu ndiye kocha aliyekuwa amewafunga Yanga 2-0 mwezi Aprili mwaka huohuo, na mwezi Agosti akawanyima Ngao ya Jamii kwa penalti pale Mkwakwani, Tanga. Mechi moja ikafuta zote. Tulidai kichwa, tukapewa kichwa, tukalala. Msimu ule tulimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam. Huyo mchawi tuliyemtoa kijijini aliondoka na ugonjwa gani?

Tena ni msimu uleule ambao tulifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2025 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho, tukapoteza kwa Berkane: 2-0 kule Morocco, 1-1 pale Amaan, Zanzibar. Timu inayofika huko ina matatizo, lakini haijafa. Tunaizika kwa sababu tuna rula moja tu ya kuipimia, nayo ni mtani. Rula hiyo ndiyo inayomwambia kiongozi kwamba kazi yake ni kupita dabi ijayo, si kujenga timu ya miaka mitano.

Halafu kuna wasaliti. Chama alivuka kwenda Jangwani 2024. Tshabalala, nahodha wetu, akavuka 2025. Jezi zikachomwa, mama zao wakatukanwa mitandaoni na watu wenye picha za watoto wao kwenye wasifu. Lakini tarehe ya kuisha mkataba haiji usiku kama mwizi. Imeandikwa kwenye karatasi siku ya kusaini, na nakala iko ofisini. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ni mfanyakazi anayetafuta kazi, kama wewe ulivyotafuta ulipoachwa na mwajiri wako. Swali la kuuliza ni nani alikuwa na kalenda.

Neno linaloniudhi kuliko yote ni "ameuza". Tunalitamka kama tunavyotamka "amekosea pasi". Kuuza mechi ni rushwa. Ni tuhuma ya kumpeleka mtu mahakamani, ya kummalizia kazi ambayo kwa mchezaji ina miaka kumi tu, labda kumi na mbili. Mwenye ushahidi apeleke TAKUKURU kesho asubuhi, na mimi nitamsindikiza. Asiye nao anamchafua kijana wa watu kwa sababu tu aliteleza mbele ya macho ya nchi nzima.

Na hasara haimwishii mchezaji huyo. Kila tunapomtaja kipa, kuna mtu ofisini anashusha pumzi. Kelele zetu zimempitia pembeni. Hakuna atakayemuuliza beki wa kulia alisajiliwa kwa vigezo gani, nani alimtazama, mara ngapi, na kwa nini miezi sita baadaye anavunjiwa mkataba kwa fedha za klabu.

Najua utakachosema: shabiki hana mamlaka, shabiki ana koo tu. Sikubali. Koo hilohilo limewaondoa makocha. Nguvu inayoweza kumfukuzisha kocha kati ya Jumapili na Jumatano ni nguvu kubwa mno kuitwa udhaifu. Zaidi ya hapo, mfumo wa hisa tuliouzungumza tangu 2017 unasema asilimia 49 za mwekezaji na 51 za wanachama. Tunaimba Nguvu Moja, na kwenye karatasi moja hiyo ina wingi wa kura. Mwenye 51 anayeishia kumtukana kipa ni kama mwenye nyumba anayegombana na mpangaji kuhusu paa linalovuja.

Kwa hiyo mkutano mkuu ujao twende na maswali matatu, yaulizwe kwa sauti ileile tunayomzomea nayo mwamuzi. Nani anachagua wachezaji wa kusajiliwa, na anabaki nani kocha akiondoka? Mikataba ya wachezaji wa kikosi cha kwanza inaisha lini, na mpango wa kila mmoja ni upi? Vijana wangapi kutoka timu yetu ya vijana wamecheza dakika ngapi msimu huu? Majibu yaandikwe, tuyashike, tuyarudie mwaka unaofuata.

Hayo ni maswali makavu. Hayana utamu wa "fulani kapewa mzigo", na hakuna atakayepiga simu redioni saa tatu usiku kuyajadili. Lakini Yanga walipotuzidi, walituzidi kwenye mambo makavu kama hayo, na watatuzidi tena kama sisi tutaendelea kukesha tukimnusa mchawi.