Miwani si Mkono: Uhalisia Pepe katika Ufundishaji wa Sanaa

Kumezuka miongoni mwa wapenzi wa teknolojia dai kwamba miwani ya uhalisia pepe itaondoa uhaba unaoyakabili madarasa ya sanaa. Mwanafunzi, wanashikilia, ataivaa na kuzuru makavazi ya Ulaya bila nauli. Atachonga bila gogo na kuchora bila rangi. Dai hili lapendeza masikioni, lakini halina mashiko, kwa kuwa linachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: kuitazama sanaa na kuifanya.

Hata huko kutazama kwenyewe kwahitaji kuhakikiwa. Mwaka wa 2019 makavazi ya Louvre, mjini Paris, yaliambatanisha na maonyesho ya Leonardo da Vinci onyesho la uhalisia pepe kuhusu Mona Lisa. Mtazamaji aliondolewa kioo na msongamano wa watu, akamwona mwanamke yule akijongea, kisha akapaa juu ya mandhari kwa chombo kilichobuniwa kutokana na michoro ya Leonardo. Hayo hayamo katika ubao ule wa sentimita 77 kwa 53. Ni ufasiri wa waliolibuni onyesho, sawa na mhakiki anavyolifasiri shairi. Louvre iliuweka ufasiri huo katika jengo lilo hilo lenye kazi yenyewe. Mwanafunzi wa Kitui au Lodwar anayepewa miwani pekee hupewa uhakiki pasipo matini, naye hana njia ya kuupinga.

Ama kuhusu kufanya, mpingo ni mti mgumu, mzito kiasi cha kuzama majini. Mchongaji hujifunza kwa kushindana nao: patasi inapoteleza au ufa unapojitokeza, hana budi kuibadili sura aliyoikusudia. Programu ya Tilt Brush, iliyotolewa na Google mwaka wa 2016, humwezesha mtu kuchora hewani. Lakini hewa haimpingi mchoraji. Uchongaji wa Wamunyu, Ukambani, haukurithishwa kwa macho matupu, bali kwa kijana kuketi kando ya fundi na kushika tezo.

Watetezi watajibu kwamba shule nyingi hazina rangi wala mwalimu wa sanaa. Ni kweli. Lakini shule isiyomudu rangi na karatasi itamuduje miwani, umeme wake na matengenezo yake? Isitoshe, chombo hicho kina mwenyewe. Expeditions, programu ambayo Google iliwaandalia wanafunzi, ilifungwa mwaka wa 2021. Mwaka uo huo kampuni hiyo ikaacha kuiendeleza Tilt Brush, ingawa iliuachia umma msimbo wake. Somo linalotegemea uamuzi wa kampuni ya ng'ambo hubomoka kampuni ikibadili nia. Udongo wa mfinyanzi hauna wa kuufunga.

Hii si hoja ya kuitupa miwani. Yafaa kumwonyesha mwanafunzi jengo asiloweza kulifikia, au kumfunza nafasi na ukubwa. Suala ni kipi kitangulie. Mtaala wa umilisi nchini Kenya umeifanya sanaa, pamoja na michezo, kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Fedha za mkondo huo zianze kwa kumlipa mchongaji, mfinyanzi na mchoraji aishiye jirani na shule, amfunze mtoto kushika chombo. Miwani ije baadaye, tena ije pamoja na swali ambalo kila mhakiki huiuliza matini: ni nani anayesema, na ananyamazia nini?