Maisha ya kawaida hayajipiki yenyewe (Sehemu ya 3)

Mama zangu, na nyie baba wachanga mnaosoma kimya kimya, leo naongelea tamthilia. Msicheke, kliniki tutafika.

Kuna kipindi kimoja cha Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani, kinaitwa "The Inner Light". Kilirushwa Juni 1992, mwaka uliofuata kikabeba tuzo ya Hugo. Kisa chenyewe hiki hapa. Nahodha Jean-Luc Picard ni mkuu wa chombo kinachosafiri kwenye nyota. Hana mke, hana mtoto, na hapendi kukaa karibu na watoto. Mwali unatoka kwenye chombo kigeni, unampiga, anaanguka. Anazinduka kijijini. Anaambiwa yeye ni Kamin, fundi wa kufuma chuma, na ana mke, Eline, ambaye amekuwa akimuuguza homa. Anabisha weee, mwisho anazoea. Anapata watoto wawili, anajifunza kupiga filimbi, anamzika mkewe, anamwona mjukuu. Miaka kama 40 hivi. Kisha anaamka chomboni na kuambiwa alizimia dakika 25 tu.

Kumbe sayari ile ilishaangamia miaka elfu moja nyuma, jua lake lilipolipuka. Watu wake walijua wanakufa, wakarusha kumbukumbu yao angani ili mtu mmoja, popote atakapokuwa, aishi kama walivyoishi wao.

Sasa angalieni walichokichagua. Wangeweza kutuma vita zao, wafalme wao, majengo yao. Wametuma nyumba moja, mke anayemsumbua mumewe aweke viatu mahali pake, mtoto anayepewa jina mbele ya majirani, na mti uliopandwa uwanjani wakati wa ukame. Watu wanaokufa wamesema: sisi tulikuwa hivi.

Halafu wewe ukija kliniki nikikuuliza kazi yako, unainamisha kichwa: "Sina kazi nesi, niko nyumbani tu." Hiyo "tu" imetoka wapi? Umeamka saa tisa usiku kunyonyesha, umefua, umepika uji, umembeba mtoto mgongoni hadi kituoni, umekaa foleni. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilipiga hesabu ya kazi za kulea na kutunza nyumba zisizolipwa: saa bilioni 16.4 kila siku, na zaidi ya robo tatu yake inafanywa na wanawake. Hiyo ndiyo "niko nyumbani tu". Wanaokudharau mitandaoni kwa sababu huna cheo, waambie nahodha mzima alipewa maisha kama yako na akayalilia yalipokwisha.

Lakini ngojeni, na mimi nina ugomvi na kipindi hicho.

Baada ya miaka mitano kijijini, Kamin anamwambia mkewe anataka kujenga chumba cha mtoto. Pazuri sana, machozi yanatoka. Tunarudishwa chomboni kidogo. Tukirudi kijijini, binti mdogo yupo, anatembea mwenyewe, na mtoto wa pili anapewa jina. Kamin anasimama na kusema hawezi tena kuwaza maisha bila watoto.

Jamani! Mimba mbili ziko wapi? Uchungu uko wapi? Usiku wa kwanza, matiti yamejaa na mtoto hanyonyi, uko wapi? Kipande chote ambacho mimi nafanyia kazi kimerukwa. Baba kaomba chumba, kamera ikageuka, watoto wakatokea.

Mtasema hiki ni kipindi cha chini ya saa moja, hakiwezi kuonyesha kila kitu. Sawa. Ila mbona filimbi ilipata muda? Tunaiona akiianza vibaya, tunaiona akiimudu. Kilichorukwa ni kazi ya Eline.

Na ndivyo wengi wetu tunavyoishi. Baba anapenda familia kweli kweli. Anapenda sherehe ya arobaini, anapenda picha. Katikati pale kamera imegeuka. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 yenyewe ilimwandikia mama siku 84 za likizo ya uzazi, baba ikamwandikia angalau siku 3. Siku ya nne karudi chomboni.

Kipande kinachorukwa ndicho kinachoua na kinachovunja. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mama 13 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20 kati ya 100. Hao ni mama wanaoambiwa "una mtoto mzuri, unalia nini?"

Kwa hiyo baba, ukitaka maisha ya Kamin, chukua na kipande chake kilichokatwa:

1. Hudhurio baada ya kujifungua ni la kwenu wote. Shirika hilo linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha saa 48 hadi 72, siku ya 7 hadi 14, na wiki ya sita. Andika hizo tarehe kwenye simu YAKO.

2. Usiku shika zamu. Huna maziwa, ila una mikono. Badilisha nepi, mcheulishe, mbembeleze, mama alale.

3. Muulize mkeo anavyojisikia, kisha nyamaza usikie. Huzuni ikizidi wiki mbili, au halali hata mtoto akilala, au anajiona hafai, mlete kituoni. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, mlete leo hii na usimwache peke yake.

4. Damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, degedege: hapo hatungoji asubuhi wala ushauri wa shangazi.

Na wewe mama, usijifanye chuma. Kuomba msaada si kushindwa ndoa.

Watu wa sayari ile walisema maisha ya kawaida yanastahili kukumbukwa, na mimi nakubaliana nao. Ila yana mtu anayeyapika, anayeyafua, anayeyanyonyesha. Mwenye kuyasifia na ashike ufagio.

Sehemu ya 4 nitaandika juu ya bibi wanaowapa vichanga maji kabla ya miezi sita. Jiandaeni kugombana.