Mwisho wa Safari si Mwisho wa Amana



Mtu afungapo safari ndefu, mwanzoni huwa na hadhari nyingi. Huandika wasia, hulipa deni, huaga jamaa na kuwaomba radhi. Lakini mwisho wa safari hadhari hiyo hupungua. Haja aliyoiendea imekwisha, mwili umechoka, na nafsi humwambia: "Sasa pumzika juma moja katika mji mkubwa, kisha urudi kwenu." Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya juma hilo, kwani sisi wenyewe tulilipitisha katika mji wa Cairo, baada ya kuzunguka miezi miwili, kwanza Makka na Madina, kisha nchi ya Jordan.

Tulipofika tuliendelea kupunguza Sala kama tulivyozoea njiani, Adhuhuri rakaa mbili, Alasiri rakaa mbili na Isha rakaa mbili. Siku ya pili mzee mmoja tuliyekaa naye nyumba moja ya wageni akatuuliza: "Mmenuia kukaa siku ngapi?" Tukamjibu: "Juma zima." Akatabasamu, akasema: "Basi ninyi si wasafiri tena."

Tukaona haya, maana jambo hilo tulifundishwa chuoni tungali watoto. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake hukatika afikapo hapo, na yampasa atimize Sala zake. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wao huhesabu siku 15. Basi tukazilipa zile Sala tulizozipunguza, na tangu hapo tukasali kama wakaazi.

Hukumu hii ina mafunzo makubwa. Mtu anayekaa juma zima mjini hujiona bado yuko njiani, wala hajulikani na mtu, kwa hiyo hujipa ruhusa nyingi. Lakini sheria yamwambia: wewe ni mkaazi. Ruhusa ya msafiri imekuondokea, na wajibu wa mkaazi umekurudia. Nasi twaona yafaa kila mtu aipime hali yake kwa kipimo hicho, si katika Sala peke yake, bali katika mwenendo wake wote.

Siku ya tatu tulikwenda kulizuru kaburi la Imamu Shafii mwenyewe, kwani yuko papo hapo Cairo. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra (767), akalelewa Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akafika Yemen na Baghdad, na mwisho akahamia Misri, ambako alifariki mwaka 204 (820). Wakati ule mji wa Cairo ulikuwa haujaasisiwa. Mji uliokuwapo ulikuwa Fustat, ambao leo umo ndani ya Cairo. Safari zake zilikoma hapo, lakini kazi yake haikukoma. Katika miaka yake ya mwisho alizipitia upya hukumu alizozitoa Baghdad, akazibadili zile alizoona zastahili kubadilishwa. Ndiyo maana wanazuoni husema "kauli ya kale" na "kauli mpya". Bahari ile ya elimu haikuona aibu kujisahihisha mwisho wa safari, na sisi tuliona haya kusahihishwa rakaa mbili!

Tulisali pia katika msikiti wa Amr bin Al-As, ambao kwanza ulijengwa mwaka 642 na kujengwa upya mara nyingi baadaye, na katika msikiti wa Ibn Tulun uliokamilika mwaka 879. Tulikaa kitambo katika Al-Azhar, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kutafuta elimu.

Karibu na Al-Azhar lipo soko la kale la Khan el-Khalili, na hapo ndipo mtihani wetu ulipotukuta. Kabla ya kuondoka kwetu, mama mmoja mjane wa mtaani alitukabidhi fedha tumnunulie Msahafu wa herufi kubwa, kwani macho yake yamedhoofika. Sasa fedha zetu wenyewe zilikuwa karibu kwisha, na mbele yetu zilipangwa sinia za shaba, taa za vioo vya rangi na manukato. Nafsi ikatunong'oneza: "Tumia hizi za mama. Utamlipa ukifika, naye hatajua." Tulikwisha kuitia mkono mfukoni! Mwenyezi Mungu akatukumbusha ya kuwa mama yule hakutupa mkopo, alitupa amana. Tukatoka sokoni, tukaenda kwa wauza vitabu, tukaununua Msahafu kwanza. Zilizobaki zetu zikatosha chupa moja ndogo ya manukato na tende kidogo za watoto.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra kuwa Mtume (s.a.w.) ameieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akaagiza kwamba mtu akishamaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Hatusemi kuwa kupumzika ni haramu. Twasema mtu aihesabu hiyo siku ya ziada: Je, nyumbani wana chakula? Je, wameridhika? Na fedha hii ni ya nani?

Enyi vijana, siku mtakaporudi kutoka masomoni au kazini, wapeni watu wenu habari kabla ya kufika, msiwaingilie usiku kwa ghafula. Anzieni msikitini kwa rakaa mbili, kwani ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (s.a.w.). Kisha fikisheni amana za watu kabla hamjafungua mizigo yenu.

Sisi tuliufikisha Msahafu ule jioni ileile. Mama akaufungua, akausogeza kwenye taa, akasoma aya tatu bila ya kukwama, kisha akatuombea dua. Hatukurudi na zawadi iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuhifadhi amana zetu mwanzo wa safari na mwisho wake. Amin.